Uyoga katika nyumba ya vyura: mkavu upitie moto, mbichi uje wenyewe

Nina vyura watano sebuleni kwangu, hapa Utrecht, Uholanzi. Wanaishi ndani ya sanduku la kioo, yaani terariamu, lenye upana wa sentimita 60, kwenda ndani 45 na kwenda juu 60. Mwanangu anawaita wapangaji, maana anasema humu ndani ndio pekee wasiolipa kodi wala kuosha vyombo. Nimemwambia ajihesabu vizuri.

Ni Dendrobates leucomelas, vyura wa misitu ya Venezuela na nchi za jirani, weusi wenye mikanda ya njano, na mkubwa wao hafiki sentimita nne. Huko porini ngozi zao zina sumu wanayoipata kwa kula sisimizi na utitiri. Hawa wangu wamezaliwa hapa hapa na kukuzwa kwa nzi wa matunda, kwa hiyo kitisho chao kimebaki kwenye rangi tu.

Cha ajabu, wageni wakija hawaulizi habari za vyura. Wanainama mbele ya kioo, wanaonyesha kidole na kusema, "Uyoga huu umeupandaje?" Jibu ni kwamba sikuupanda hata mmoja. Ule ulioshika ukuta wa nyuma kama visahani niliubandika mwenyewe, ukiwa umekufa na nimeshaupika. Ule wa njano ulio chini kwenye majani ulijitokeza wenyewe siku ulipotaka. Nimefikia hapo baada ya kuharibu mambo kwa takriban miaka miwili. Siku hizi sitii kitu kibichi cha msituni ndani ya terariamu, na sijaribu tena kulazimisha uyoga hai uote.

Kwa asili mimi ni mtu wa Muheza, na mama yangu ni wa milimani, upande wa Amani. Msimu wa mvua Bibi alikuwa akitupeleka kuokota uyoga, na alikuwa na kipimo kimoja tu kwa ule wa kwenye magogo: laini ni mboga, mgumu uache ulivyo. Kwenye terariamu kipimo ni kile kile, ila unakigeuza. Laini uache, mgumu ndio mali.

Uyoga mgumu ninaousema ni ule usio na shina, unaokaa ubavuni mwa gogo kama rafu ndogo. Huku Ulaya upo wa aina tatu utakaoukuta mara kwa mara. Kuna Trametes versicolor, mwembamba, wenye mistari ya kahawia, kijivu na maziwa kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Kuna Ganoderma applanatum, mpana, wa kahawia juu na mweupe chini. Halafu kuna Fomes fomentarius, wenye umbo la kwato ya punda. Ugonge kwa ukucha. Ukilia kama mlango, huo unafaa. Ukibonyea kama mkate, hata uwe mzuri vipi, usiuguse.

Mimi niliugusa. Kuna uyoga wa miti ya bachi (birch), Fomitopsis betulina, mweupe, laini kama umefinyangwa kwa unga wa ngano. Nilibandika mitatu, nikapiga picha, nikajisifu. Wiki ya sita ikawa uji. Matone ya kahawia yalichuruzika ukutani, sebule nzima ikanuka kama ndoo ya pumba iliyosahauliwa, na vijinzi vyeusi vikazaliana kwa wingi kiasi kwamba vyura walinenepa. Kwa vyura ilikuwa sikukuu. Kwangu mimi, niliyekuwa nikitoka zamu ya usiku na kukuta vijinzi ndani ya kikombe cha chai, haikuwa hivyo.

Pa kuupata: mimi huomba kwenye kuni za jirani. Anachoma magogo ya mti wa bichi (beech) wakati wa baridi, na yale yaliyokaa nje mwaka mzima yana Trametes tele. Usiende tu msituni na kisu. Misitu mingi hapa hairuhusu kuchuma kitu bila idhini ya mwenye ardhi, na hata pale panaporuhusiwa, chukua ule ulioota kwenye gogo lililokwisha anguka. Epuka miti ya kando ya mashamba yanayopigwa dawa. Epuka pia uyoga mkavu wa maduka ya maua, ule unaochomekwa kwenye vijiti. Unapendeza, lakini mara nyingi umepakwa vanishi au rangi, na chura ananyonya maji kupitia ngozi ya tumbo. Chochote kilicho juu ya hicho kisahani kitaingia mwilini mwake.

Sasa kupika. Hapa ndipo watu wengi huona uvivu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kipande changu cha kwanza nilikisafisha kwa mswaki mkuukuu chini ya bomba, nikakianika juu ya hita siku mbili, nikaona imetosha. Ndani yake mlikuwa na vimbawakawa vidogo kama mbegu za ufuta, wale wanaoishi na kuzaana humo humo ndani ya uyoga. Hao si hoja, vyura waliwamaliza. Hoja ilikuwa mayai ya koa. Baada ya mwezi nikawa nakuta machipukizi ya kangaga yamekatwa kila asubuhi, okidi yangu moja ikabaki kisiki, na ute unang'aa juu ya kioo. Nilikaa na tochi saa nane za usiku, usiku nne mfululizo, nikitoa koa kwa kibanio cha nyusi. Nilitoa kumi na tisa.

Kwa hiyo fanya hivi. Ondoa uchafu kwa brashi kavu. Loweka kipande usiku kucha kwenye ndoo ya maji, ukikikandamiza kwa jiwe, maana kinaelea. Asubuhi mwaga hayo maji, kiweke kwenye sufuria usiyopikia chakula, kichemshe kwa saa moja tangu maji yaanze kutokota. Maji yatakuwa na rangi ya chai ya rangi. Yamwage, weka mengine, chemsha tena nusu saa. Kama ni Fomes mkubwa wenye unene wa ngumi, ongeza muda, kwa sababu joto huchelewa kufika katikati. Kisha kipange kwenye oveni ya nyuzi 90 hadi 100, saa mbili au tatu, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Fungua madirisha. Harufu yake si mbaya, ni kama ya gunia la mahindi lililonyeshewa, lakini inakaa kwenye mapazia.

Usitumie maikrowevu. Fomes mkavu unashika moto upesi sana, na watu wa kale waliutumia kuwashia moto. Yule mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu mwaka 1991, mpakani mwa Austria na Italia, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa nao kwenye mkoba wake. Alikuwa pia na vipande vya ule wa bachi ulionitia aibu mimi. Sasa wewe chukua kitu kilichokuwa kiberiti cha mababu, ukitie kwenye maikrowevu jikoni kwako, halafu useme hukuambiwa.

Kuna sababu nyingine ya kupika, na ni nzito kuliko koa. Kwa Kiswahili tunasema kuvu au ukungu, na neno moja linabeba marafiki na wauaji. Katika ukoo mkubwa wa kuvu kuna kitridi, Batrachochytrium dendrobatidis. Haitoi uyoga na huwezi kuiona kwa jicho. Inaishi kwenye maji na kwenye ngozi ya chura, ikiharibu ile ngozi inayompa maji na chumvi za mwili, mpaka moyo unasimama. Wanasayansi waliipa jina mwaka 1999, baada ya kuichunguza katika chura wa buluu, ndugu wa hawa wangu, aliyekufa katika bustani ya wanyama ya taifa kule Washington.

Sisi wa Tanzania tunaijua kwa machungu yetu. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, yule mdogo wa rangi ya haradali anayezaa watoto wazima badala ya mayai, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme na rasharasha zikapungua. Mwaka 2003 wakafa kwa wingi mno, na kitridi ikaonekana humo. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyemwokoa ni terariamu. Mamia kadhaa walikuwa wamekwishapelekwa Marekani, wakazalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo ndani ya masanduku yenye mabomba ya kunyunyiza ukungu wa maji, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Kule Amani kwa Bibi yuko ndugu yake, Nectophrynoides tornieri, naye huzaa watoto wazima vile vile. Tulikuwa tukimwona kwenye majani usiku na hatukujua kwamba ni mtu mkubwa.

Na huku nilipo, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent walieleza kuvu nyingine ya jamii hiyo, Batrachochytrium salamandrivorans, iliyokuwa imekaribia kuwamaliza salamanda, jamaa wa chura wenye mkia, wa madoa ya njano wa kusini mwa Uholanzi, mkoa wa Limburg. Kwa hiyo gogo bichi, kigoga kibichi kilichobanduliwa kando ya kijito, na uyoga ulioloa kutoka msituni haviingii kwangu bila kupita motoni. Kitridi ni kali lakini haiwezi joto. Kwenye nyuzi 60 inakufa ndani ya dakika tano. Saa moja ya kuchemsha inatosha na kubaki.

Kubandika. Ukuta wangu wa nyuma ni vipande vya gome la ule mwaloni wa Ureno wanaotengenezea vizibo vya chupa. Hauozi upesi, na unashika gundi. Gundi ni silikoni tupu, asilimia 100, ile inayonuka siki ikiwa mbichi. Soma kopo. Silikoni ya bafuni huwa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ndiyo hasa usiyoitaka hapa. Mimi natoboa kipande kwa upande wa nyuma, nachomeka kijiti cha mishikaki, natoboa na gome, napaka silikoni, nachomeka, kisha naegemeza kitu mpaka kesho yake. Kijiti kinabeba uzito, silikoni inazuia kisizunguke. Usitumie misumari wala waya. Chuma kitapata kutu, na shaba ni sumu kwa vyura. Subiri mpaka harufu ya siki iishe kabisa, wiki moja au zaidi, ndipo ufikirie kuingiza kiumbe.

Upande wenye vitundu uangalie chini, kama ulivyokuwa ukiota. Si kwa ajili ya uzuri tu. Ukiugeuza, vitundu vinanywa maji kama sponji na kipande kinaoza kwa nusu ya muda. Kiinamishe mbele kidogo, kiasi cha maji kuteremka. Usikiweke chini ya bomba la kunyunyizia moja kwa moja. Halafu pitisha kidole nyuma yake, pale kinapokutana na gome. Nafasi inayopitisha ncha ya kidole kidogo bila kukipitisha chote ni mtego, chura mdogo ataingia na asitoke. Izibe kwa silikoni na ukandamize makumbi juu yake kabla haijakauka, isionekane.

Napanga visahani kwa hatua, kimoja sentimita kumi kutoka chini, kingine juu yake pembeni, mpaka karibu na taa. Vyura hawa ni watu wa chini, lakini wanapenda roshani. Dume langu moja limechukua kisahani cha tatu, na likitaka kuimba halina mahali pengine.

Wapo wanaotengeneza uyoga wa bandia kwa udongo wa kisasa na rangi. Sina ugomvi nao, mradi kitu kimekauka sawasawa na rangi haibanduki kwenye maji ya moto. Kwangu naona kama kuweka maua ya plastiki shambani.

Sasa ule wa hai, na hapa itakubidi uwe na subira. Watu husema jambo fulani linaota kama uyoga, wakimaanisha limetokea ghafla. Aliyeanzisha msemo huo hakuwahi kuungoja.

Huwezi kuamuru aina gani ije, unaandaa makao tu. Chini kabisa naweka kokoto nyepesi za udongo wa kuchoma, sentimita tano, ili maji ya ziada yakae huko. Juu yake wavu, kisha sentimita sita au saba za udongo wa kuchanganya: makumbi ya nazi, vipande vidogo vya gome, mkaa uliopondwa na sfagnamu, aina ya kigoga. Makumbi yale yale ambayo pwani kwetu huzikwa kwenye tope hadi yalainike yasukwe kamba, huku yamekaushwa na kushindiliwa kama tofali, na nayanunua. Lililonichekesha zaidi ni majani. Sakafu ya terariamu ya vyura hawa lazima iwe na majani makavu, na majani yanayosifiwa kuliko yote ni ya mti wa mkungu. Ndiyo, mkungu huu huu uliokuwa uani kwetu, ambao mama alikuwa akinituma nifagie chini yake kila asubuhi kabla ya shule. Niliyanunua kumi, yamepangwa kwenye mfuko kama barua, kwa euro nne. Sijamwambia mama.

Majani nayamwagia maji ya moto kwanza. Kipande cha gogo laini lililooza nalo nalichemsha kama uyoga, na usiogope kwamba umeua rutuba. Kuvu zitakuja tu. Zinasafiri kwenye makumbi, kwenye mizizi ya mimea uliyonunua, hata hewani, na gogo lililochemshwa kwao ni chakula kilichokwisha lainishwa.

Usiingize vyura bado. Wiki mbili za mwanzo kila kitu cha mti kitavaa sufi nyeupe. Hapo ndipo watu hukimbilia kuuliza dawa. Hakuna dawa. Dawa yoyote ya kuua kuvu utakayoinyunyiza humo itapita kwenye ngozi ya chura baadaye, na itaua wafanyakazi wako. Wafanyakazi ni mikia-fyatuo, vidudu vyeupe kama punje za chumvi, ukivipulizia vinaruka. Kazi yao maishani ni kula ukungu. Nafuga wangu kwenye kopo la aiskrimu lenye vipande vya mkaa wa miti mtupu, si ule uliotiwa dawa ya kuwashia, na maji kidogo chini. Chakula chao ni punje nne tano za mchele kwa wiki. Nikitaka kuwahamisha nalijaza kopo maji, wanaelea juu kama vumbi, namimina kwenye terariamu. Wakiongezeka, ile sufi nyeupe inapungua yenyewe, na vyura wakija wanakuta na vitafunio.

Mimi hungoja wiki nane. Joto la mchana nyuzi 24 hadi 26, unyevu asilimia 80 kwenda juu, na nanyunyiza maji ya mvua asubuhi na jioni. Baada ya hapo utando mweupe utauona kwenye kioo, chini ya udongo, umetambaa kama mizizi ya uzi. Huo si ukungu wa kusafisha, huo ndio uyoga wenyewe. Unaouona juu ni tunda lake.

Wangu wa kwanza ulitokea Julai, mwaka wa pili, pembeni chini ya bromelia, mmea wa jamii ya nanasi. Jumatatu niliona vitufe sita vya njano kama vichwa vya njiti za kiberiti. Jumatano vilikuwa miavuli, njano ya limau, mepesi kiasi cha kupitisha mwanga wa taa. Ijumaa jioni yote ilikuwa imelala. Ni Leucocoprinus birnbaumii, mtu wa tropiki, anayesafiri dunia nzima ndani ya vyungu vya maua. Jina lake linamkumbusha mkaguzi wa bustani aliyeukuta kwenye mananasi ndani ya nyumba ya vioo kule Praha, na lilichapishwa mwaka 1839. Una sumu ya tumbo kwa binadamu, kwa hiyo kama una mtoto anayetia kila kitu mdomoni, funga terariamu kwa kufuli au uung'oe. Chura hauli. Chura hula kinachotembea tu, na uyoga hautembei. Usiutoe ukilala, mikia-fyatuo wataumaliza kwa siku tatu.

Kitu kimoja kimenisaidia kuuita tena. Naacha udongo wa juu ukauke kidogo kwa siku tatu au nne, sehemu moja tu, vyura wabaki na upande wenye maji, kisha naulowesha mara moja kwa maji ya vuguvugu. Si kila mara, lakini mara nyingi ndani ya wiki mbili nakuta vitufe. Na acha tundu za hewa wazi. Miaka ya mwanzo nilizifunika kwa plastiki ili unyevu usitoroke, nikapata uyoga wenye shina refu jembamba na kofia kama kitufe cha shati. Uyoga unatoa kabonidioksaidi kama sisi, na ikijaa ndani, unarefuka ukitafuta hewa. Ukiona mashina marefu namna hiyo, usifikirie uyoga peke yake, fikiria na vyura wanaovuta hewa hiyo hiyo.

Utapata na wageni wengine. Kuna ule mdogo wa kijivu unaofunguka alfajiri na kuyeyuka kama wino kufikia adhuhuri. Kuna kitu cha njano chenye mishipa kinachotambaa kwenye kioo, leo hapa kesho pale. Hicho wala si kuvu, kinakula bakteria, na kitaondoka chenyewe. Mwanangu aliuliza kama nacho kitalipa kodi.

Msifanye nilichokifanya na uyoga mamama. Kule nyumbani watu wanaulima kwenye mifuko ya mabua na pumba, na huku vinauzwa vifurushi vya kuotesha jikoni. Niliona, si nichukue kipande cha mfuko, nikizike nyuma ya gogo, nipate mafungu meupe ya kupendeza. Bahati nzuri nilijaribu kwenye terariamu tupu. Ulikuja, tena kwa fujo. Siku ya tano majani yote yalikuwa na unga mweupe, ni vumbi la uyoga, spora, mamilioni yake. Wakulima wanaofanya kazi na uyoga huo bila barakoa hupata maradhi ya mapafu kwa vumbi hilo. Chura ndani ya kioo hana pa kukimbilia. Na nafaka iliyobaki kwenye mfuko ikaota ukungu wa kijani, ikaleta utitiri, nikalazimika kumwaga kila kitu.

Mtu akikwambia habari za uyoga unaong'aa gizani, ni kweli upo. Panellus stipticus wa mashariki mwa Marekani unang'aa kijani, ila huu wa Ulaya, jina lile lile, haung'ai. Ukiupata, ufuge kwenye chupa yake peke yake.

Tofautisha ukungu wa kawaida na shida. Sufi nyeupe kwenye mti mpya si kitu. Harufu ya yai bovu ni shida, maana yake maji yamejaa mpaka kwenye udongo, nyonya yale ya chini kwa mpira. Ukungu juu ya nzi waliokufa ni wewe umelisha kupita kiasi. Lakini chura akiwa anabambuka ngozi kila siku, amekaa miguu imetawanyika mahali pasipo kawaida yake, hali chakula, ukimpindua anashindwa kujigeuza, usihangaike na uyoga. Mtenge kwenye kisanduku chenye karatasi yenye unyevu, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua vyura, achukue kipimo cha ngozi. Ipo dawa, na kipimo chake anakijua yeye.

Kama uko nyumbani, Tanga, Mombasa au Kampala, usiende kukamata chura ili ufanye haya. Wanyamapori wana sheria na vibali. Chukua chupa kubwa ya kachumbari, makumbi, jani la mkungu, kipande cha gogo, mikia-fyatuo kutoka chini ya chungu cha maua. Uyoga hautajua kwamba vyura hawapo.

Takataka za terariamu sizitupi bustanini wala kwenye pipa la mbolea. Nazifunga kwenye mfuko ziende kuchomwa, na maji ya chini nayatia klorini ya kufulia, nayaacha kutwa nzima kabla ya kuyamwaga chooni. Wale salamanda wa Limburg wamebaki wachache mno.

Kisahani kigumu kitadumu mwaka, mwaka na nusu. Kitaanza kulainika pembeni, kisha kitaacha ukuta chenyewe na kuanguka. Usikitupe, kiache chini juu ya majani kiendelee kuoza. Na kabla hujakiinua kufagia, chungulia kwanza kwa tochi. Cha kwanza kuanguka kwangu, niliponyanyua ukingo wake, kulikuwa na mayai saba kwenye jani la mkungu, na dume amekaa juu yake ananiangalia.